Nguo Safi kwa Dobi

Nyumbani kwao walimwita Bosi tangu akiwa msichana mdogo, kwa sababu hakuwahi kucheza mchezo ambao hakuuongoza yeye. Alipoacha kazi ya benki ili aanzishe kampuni yake mwenyewe, jina likamkaa barabara. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo ya kuchekesha: chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme, meza mbili, kiyoyozi kilichokoroma mchana kutwa bila kutoa baridi, na huko nyuma, kwenye ua wa kukodi, mashine chache za kufulia na madobi wawili. Lakini Bosi akikueleza habari zake ungedhani anarusha roketi. Mteja anafungua programu kwenye simu, anabonyeza, pikipiki inakuja kuchukua begi la nguo, kesho yake nguo zinarudi zimefuliwa na kupigwa pasi. "Sisi si madobi," alipenda kusema. "Sisi ni teknolojia." Madobi wake, mapovu yakiwa yamewafika viwikoni, walikuwa wakisikia hivyo wanatazamana tu.

Programu iliandikwa na mwenzake waliyesoma naye chuoni, kijana mmoja mwembamba ambaye kila mtu alimwita Miwani. Miwani alikuwa mtu wa maneno machache. Hata salamu yake ulihisi amejikakamua kuitoa. Yeye alishughulika na kompyuta, Bosi akashughulika na kutafuta fedha, na fedha akazipata. Mwanamke mmoja wa makamo, mwekezaji aliyezoea kusaidia kampuni changa, alimsikiliza mpaka mwisho, akatoa kiasi cha kuanzia, kisha akaweka sharti. Kiasi kikubwa, kile cha kukodi majengo na kufungua matawi, kingetoka baada ya miezi michache, na kingetoka tu ikionekana kwamba wateja wanarudi.

"Mtu yeyote atajaribu kitu mara moja kwa sababu ni kipya," alimwambia. "Mimi namtaka anayerudi bila kuvutwa shati."

Sasa ikabidi waamue waanzie wapi. Miwani alitaka maghorofa mapya ng'ambo ya barabara kuu, wanakoishi watu wa ofisini wasio na muda wa kufua na wasiomjua yeyote kati yao. Bosi akakataa katakata. Yeye alitaka mtaa aliozaliwa.

"Kule najua kila mlango," alisema. "Wiki ya kwanza tu tutakuwa na wateja."

"Ndiyo shida yenyewe. Wanakujua."

"Kwani mtu akinijua nguo zake hazichafuki?"

Miwani hakuwa mtu wa kubishana. Akainamia kompyuta yake, na mpango ukawa umepita. Ukweli, ambao Bosi asingeukiri hata umbane vidole mlangoni, ni kwamba aliyaogopa maghorofa yale. Mtu asiyekujua anaweza kukwambia hapana na kukufungia mlango, na Bosi kwa kujikweza kwake kote alikuwa hajazoea kuambiwa hapana. Kwa hiyo akachagua kwenda kupimwa na watu waliombeba mgongoni, halafu akauita uamuzi huo mkakati.

Mama yake alikuwa nesi mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Sista, kama walivyomwita wodini, na mpaka leo alitembea kama mtu anayekagua vitanda. Watu walisema wagonjwa wake walikuwa wakipona kwa kumwogopa. Siku moja Bosi alikwenda kumwona, na walipokuwa wakila, Sista akauliza, "Hivi hao wenye fedha wanataka nini hasa kwako?"

Bosi akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Wanataka wateja wanaorudi, mama. Hata wasiwe wengi, ilimradi warudi kila wiki. Ndicho kipimo chao."

"Kila wiki."

"Kila wiki. Lakini hayo ni mambo ya kitaalamu, usijichoshe kichwa."

"Haya," alisema Sista, akaondoa vyombo mezani.

Tangu hapo mambo yakamnyookea Bosi kiasi cha kutisha. Kila Jumatatu Miwani alifungua chati kwenye kompyuta, na kila Jumatatu mstari ulikuwa umepanda. Wateja walirudi, wakarudi tena, na waliorudi wengi wao walikuwa wa mtaa wa kwao. Bosi akavimba kichwa. Akaanza kuchora mpango wa matawi manne, akaenda kukagua majengo, akaulizia hata bei za mashine mpya. Alipokwenda kwa mwekezaji katikati ya kipindi kutoa taarifa, mama yule aliitazama chati kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Hawa ni akina nani? Ndugu zako? Marafiki?"

"Hapana," Bosi alisema bila kupepesa. "Wengi wao hata jina langu hawalijui."

Miwani, aliyekuwa amekaa pembeni, alikohoa. Bosi akajiambia kwamba huo si uongo hasa. Watu kweli wanamjua, lakini nguo ni nguo, na mtu hafuliwi nguo zake kila wiki kwa ajili ya kumfurahisha mtoto wa jirani.

Siku moja dereva wa pikipiki aliamka na homa. Bosi akachukua gari la kukodi, akaenda kuzunguka mwenyewe kukusanya mabegi. Nyumba yake ya kwanza ilikuwa ya Mama Pacha, mjane aliyekuwa rafiki mkubwa wa mama yake, ambaye mapacha wake walishakua na kwenda zao. Mama Pacha alipofungua mlango na kukuta si dereva, uso ulimshuka.

"Shikamoo, Mama Pacha."

"Marahaba. Kumbe leo ni wewe?"

"Dereva anaumwa. Begi liko wapi?"

Begi lilikuwa pale pale nyuma ya mlango. Bosi alilinyanyua kwa haraka zake, zipu ikaachia, nguo zikamwagika sakafuni. Akainama kuziokota, mkono ukasita. Gauni lilikuwa limekunjwa, na mstari wa pasi ulikuwa bado umesimama. Akaliinua hadi puani. Lilinukia sabuni, na sabuni yenyewe ilikuwa ya kampuni yake.

"Mama Pacha, hizi si ndizo tulizokurudishia wiki iliyopita?"

"Ndizo."

"Umezivaa?"

Mama Pacha akazitazama kucha zake. "Hilo gauni nililijaribu kidogo."

Bosi akachuchumaa pale pale. Mama Pacha akachungulia nje, akarudisha mlango, akashusha sauti. "Usije ukamwambia mama yako kama nimesema mimi, maana atanimaliza. Katupangia zamu kama za wodini. Kila mtu ana siku yake. Asiye na nguo za kutosha anaazimwa mashuka. Hayo ya maua unayoyaona si yangu, ni yake. Yakirudi kutoka kwenu yanakwenda kwa fundi cherehani wa pale kona, naye anayatuma kwa jina lake."

"Na anayelipa ni nani?"

"Kila mtu anajilipia. Tunabana huku na huku."

"Lakini kwa nini?"

"Wewe unauliza kwa nini?" Mama Pacha alimshangaa kweli. "Mume wangu aliuguzwa na nani mpaka siku yake ya mwisho? Hapa mtaani hakuna nyumba ambayo mama yako hajaiuguzia mtu. Leo anasema mtoto wake ana mtihani, anaomba tumsaidie, tumkatalie?"

"Mtihani?"

"Si ndivyo? Alituambia ukifeli kampuni inakufa."

Aibu ilimvaa Bosi mwili mzima. Aliwaona wanawake wale mmoja mmoja, wenye pensheni za kuhesabia sukari, wakikunja nguo safi na kuzitia kwenye begi, wakibonyeza simu kwa kidole kimoja kama walivyoelekezwa na mama yake. Akajisikia akisema, usijichoshe kichwa. Akajisikia akisema, jina langu hawalijui. Akatamani ardhi ipasuke immeze yeye pamoja na mashuka ya maua.

Halafu akafanya jambo ambalo lilimtia aibu kuliko yote hayo. Alizirudisha nguo kwenye begi, akafunga zipu, akalichukua. Na nyumba zilizofuata akachukua vilevile, bila kufungua begi hata moja.

Kazini alimsimulia Miwani. Miwani hakucheka wala hakusema nilikwambia, jambo ambalo lingekuwa haki yake. Alibonyeza bonyeza, akawaondoa kwenye chati wateja wote wa mtaa ule, na mstari ukalala chini kama mgonjwa. Walibaki mwalimu mmoja, kinyozi mmoja na watu wengine wa kuhesabika.

"Wachache," alisema Miwani, "lakini wa kweli. Tumpelekee hii."

"Tukimpelekea hiyo hatoi kitu."

"Asipotoa, tutajua tulipo."

"Baada ya fedha kutoka nitarekebisha. Tutatafuta wateja wengine, wale akina mama watapumzika, hakuna atakayeumia."

Miwani akavua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati. "Baada ya fedha kutoka utakodi majengo manne kwa hesabu ya mashuka ya mama yako," alisema. Kwa Miwani hiyo ilikuwa hotuba. Akavaa tena miwani. "Mimi sitakusemea. Ila usinisimamishe mbele ya mwekezaji kuisoma chati hiyo."

Bosi angeweza kwenda kwa mwekezaji siku hiyo hiyo. Angeweza pia kwenda kwa mama yake kumwambia acheni, inatosha. Hakwenda kokote. Alijipa shughuli, akapokea simu, akamfokea dobi bila sababu, na usingizi ukamkimbia.

Kisha mwekezaji akapiga simu. Alikuwa na desturi yake ya kazi: kabla ya kutoa awamu ya pili, alipenda kuwatembelea wateja majumbani kwao, na alichagua mwenyewe kwenye orodha wale wanaorudi kupita wengine. "Wewe utakuja nami," alimwambia Bosi, "lakini utanyamaza. Mwenye kampuni akizungumza, mteja anasema kile anachotaka kusikia yeye."

Walianzia kwa Mama Pacha, ambaye alizidisha chumvi mpaka ikawa aibu kusikiliza. Alisema huduma hii imemrudishia ujana. Alisema mgongo wake umepona. Mwekezaji alipouliza angefua mara ngapi kwa wiki kama angeachwa afue mwenyewe, Mama Pacha akasema ngoja nikaangalie maji jikoni, na kutoka huko Bosi akamsikia akinong'ona kwenye simu kwa haraka. Alijua ananong'ona na nani. Jina lililofuata kwenye orodha, la mteja ambaye hakukosa hata wiki moja, lilikuwa la Sista.

Sista aliwafungulia mlango akiwa amevaa gauni lake zuri, na uso wa kupokea wakaguzi wa hospitali.

"Karibuni, karibuni. Na huyu mwenzio ni nani?"

"Ndiye mwenye kampuni," alisema mwekezaji.

"Alaa! Nimefurahi kukufahamu, binti." Akampa mkono, akaubana kidogo, akauachia.

"Shikamoo," alisema Bosi.

"Marahaba. Kaeni."

Bosi akakaa kwenye kiti cha wageni, ambacho hakuwahi kukikalia tangu azaliwe. Alipoinua macho aliona ukutani sehemu zenye weupe wa mraba, kila moja na msumari wake juu, na rangi ya ukuta iliyozizunguka ilikuwa imechakaa. Mama yake alikuwa ameondoa picha zote: Bosi na sare ya shule, Bosi na joho la chuo, Bosi mchanga mikononi mwa baba yake marehemu. Kazi hiyo ameifanya muda mfupi uliopita, peke yake, juu ya kiti, na magoti yake yale yanayomsumbua.

Sista akaleta chai. "Wewe mama, sukari vijiko vingapi?" alimuuliza mwekezaji, akamtilia, akakoroga. Kikombe cha pili akakiweka mbele ya Bosi, akaenda kukaa.

Mwekezaji akaanza maswali yake, taratibu, bila kuandika chochote. Nani alimwonyesha programu? Jirani. Bei anaionaje? Nzuri. Nguo zinarudi safi? "Safi kabisa," alisema Sista, na kwa hilo alikuwa na uhakika.

"Huduma hii ikifungwa kesho, utajisikiaje?"

"Nitaumia sana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliyeianzisha amehangaika mno. Halali vizuri, anakula amesimama, amekonda..." Sista akajikamata. "Nasikia. Watu wanasema."

Mwekezaji akatikisa kichwa polepole. "Mnaishi wangapi humu?"

"Mimi peke yangu."

"Peke yako, na begi linajaa kila wiki?"

"Mimi nilikuwa nesi, mama. Shuka likilaliwa usiku mmoja kwangu ni chafu."

"Hakuna watoto wanaokuja kukaa nawe?"

Ilikuwa nafasi yake. Bosi alijua kuwa ni nafasi yake. Akajiambia kwamba ameambiwa anyamaze, kwamba ndilo sharti, kwamba si yeye aliyeulizwa. Akajificha nyuma ya sharti hilo huku macho ameyakaza kwenye zulia.

"Sina mtoto," alisema Sista. Alisema kwa sauti ile ile ya kusomea majina wodini, iliyonyooka, bila kutetemeka. "Mungu hakunijalia."

Mwekezaji hakumtazama Sista. Alimtazama Bosi, akakaa akimtazama. Bosi akashika kikombe chake, akanywa chai mpaka chini, kwa sababu ilibidi uso uwe na pa kwenda. Kisha mwekezaji akaaga, akashukuru kwa chai, wakatoka.

Walitembea mpaka kwenye gari. Mwekezaji akafungua mlango, akaweka mkoba wake kwenye kiti, na hakuingia.

"Yule ni mama yangu," alisema Bosi. Aliliambia tairi la gari.

"Najua. Mimi aliniuliza sukari vijiko vingapi. Wewe hakukuuliza. Alikupa isiyo na sukari, ukainywa." Hakuwa na hasira, na Bosi angependa awe na hasira. "Habari za watoto niliuliza makusudi. Nilitaka kukupa njia."

"Uliniambia ninyamaze."

"Nilikwambia."

Bosi akamwambia yote yaliyobaki, zamu, mashuka, Mama Pacha, siku aliyojua na mabegi aliyoendelea kuyachukua baada ya kujua. Alipofika hapo mwekezaji alifumba macho kidogo.

"Niletee chati isiyo na mtu yeyote anayemjua mama yako," alisema.

"Haitatosha."

"Haitatosha, na fedha hazitatoka. Lakini nitaiangalia, maana ndiyo kampuni yako hiyo." Akaingia garini. Akashusha kioo. "Rudi ndani. Usimwache vile."

Bosi akarudi. Sista alikuwa bado kwenye kiti chake, mgongo umenyooka, mikono mapajani, hajathubutu hata kuondoa vikombe.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

Sista akapumua, mabega yakamshuka, na mara moja akawa mzee. "Nimesema vizuri? Pale kwenye begi kujaa niliona ananitazama vibaya, nikaogopa nimekuharibia. Na lile la kukonda lilinitoka tu. Ila mwisho nadhani nilirekebisha, eti? Aliponiuliza watoto sikusita hata kidogo."

"Hukusita, mama."

"Nilikuwa nimejizoeza jikoni."

Bosi akashika fremu ya mlango. "Mama, nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba wewe ni mama yangu."

Sista alimtazama binti yake. Akazitazama na zile sehemu nyeupe ukutani. Alikuwa kama nesi anayeona bandeji aliyoifunga kwa ustadi imefunguliwa na mgonjwa mwenyewe.

"Sasa umemwambia ya nini, mwanangu," alisema, "na mimi nilishakukana vizuri kabisa?"

Kwa aibu Bosi alishindwa hata kuvuka kizingiti cha nyumba yao.